Mbwigu wa Masaka

Picha iliyomwingiza Daphrose katika mambo ya ndege ilikuwa picha ya bibi harusi.

Aliipiga Jumamosi moja huko Masaka, pembezoni mwa Kigali, kwenye bustani ya kukodi iliyozungukwa na mashamba ya mahindi na nyumba mpya ambazo hazijapakwa rangi. Wiki iliyofuata bibi harusi mwenyewe, Kirezi, alifika studio kuchagua picha za albamu. Alikaa mbele ya kompyuta akizipitia moja moja, anacheka, anajisifu, mpaka akafika kwenye ile aliyosimama peke yake kando ya ua wa seng'enge, maua mkononi, shingo ameilaza kidogo. Akaikuza aone hereni zake. Kisha akapiga yowe.

"Mama Régis! Nini hii nyuma ya sikio langu?"

Daphrose akavaa miwani, akainama. Nyuma ya sikio la Kirezi, juu ya seng'enge, alikuwa ametua ndege wa mkia mrefu, mgongo mweusi, tumbo jeupe. Kando yake, kwenye mwiba wa waya, panzi alikuwa amechomekwa kama mshikaki.

"Ni ndege, mwanangu."

"Naona ni ndege! Anachoma mishikaki kwenye harusi yangu? Nani alimwalika?"

Walicheka hadi fundi cherehani wa chumba cha pili akaja kuuliza kulikoni. Daphrose aliahidi kumfuta ndege yule, na kweli akamfuta kwenye picha ya albamu. Lakini ile picha ya kwanza hakuigusa.

Studio yake ilikuwa Kimironko, hatua chache kutoka soko kuu, kati ya fundi cherehani na mama muuza vitenge. Daphrose alikulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili huanza na uji wa asubuhi, na kazi ya picha alifundishwa na baba yake. Alipohamia Kigali alikuwa binti mwenye kamera moja shingoni. Sasa alikuwa amekaribia sitini, na watu wa umri mbalimbali mjini walikuwa wamewahi kuketi kwenye stuli yake wakaambiwa, "Inua kidevu. Tulia. Usicheke, pasipoti haitaki meno." Siku hizi kila mtu alikuwa na simu mfukoni, na harusi nyingi zilichukuliwa na vijana wa droni. Asubuhi za Daphrose zilikuwa zimepungukiwa kazi. Alikuwa akifuta vumbi kwenye taa ambazo hazijawashwa.

Basi aliitazama ile picha. Kilichomkera hakikuwa panzi, kilikuwa jicho. Uso wa ndege yule ulikuwa doa jeusi tu, jicho halionekani kabisa, kama mtu aliyefunikwa kofia hadi puani. Miaka yote Daphrose alikuwa akiwaambia vijana waliokuja kujifunza kwake kwamba picha isiyo na macho ni picha ya shati. Na hii sasa aliipiga yeye mwenyewe.

Jumatatu akafunga studio mapema, akapanda pikipiki hadi Masaka, begani amebeba lenzi ndefu aliyonunua kwa mpiga picha mmoja aliyehamia kwenye droni. Ndege alikuwepo. Safari hii alikuwa kwenye nguzo, kando ya ua mrefu wa michongoma uliotenganisha viwanja viwili. Daphrose akasogea polepole. Ndege akahamia nguzo ya pili. Daphrose akasogea tena, ndege akahamia ya tatu. Wakaenda hivyo mpaka wakalizunguka shamba zima la viazi vitamu.

"Tulia, baba," Daphrose alimwambia, kwa mazoea ya kazi. "Geuka kidogo kushoto."

Ndege akajiachia chini kwenye nyasi, akaokota kitu, akampa mkia, akatoweka.

Aliyemtajia jina la ndege huyo alikuwa Peace, binti anayetembeza wageni kwenye bustani ya kinamasi, aliyekuja studio kesho yake jioni kupiga picha ya pasipoti. Wazazi wake walimlelea Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Aliiona ile picha ya Kirezi kwenye kompyuta, akasahau shida iliyomleta.

"Huyo ni mbwigu!"

"Mbwigu? Na kwa nini ananing'iniza wadudu?"

"Mdomo wake ni wa mwewe, umepinda hivi, lakini miguu yake ni ya ndege wa kawaida. Hana nguvu ya kushika nyama huku anaichana. Basi mwiba unamshikia. Na akishiba anaacha mabaki palepale. Hilo ndilo kabati lake, mama."

Daphrose akamweleza habari ya kulizunguka shamba la viazi. Peace akacheka.

"Usimfuate kwa miguu. Mtu anamtisha. Gari halimtishi, analichukulia kama ng'ombe tu. Nenda na gari, ukae ndani, usitoke."

Gari lilikuwepo, na dereva pia. Évode, mume wa Daphrose, alikuwa ameendesha mabasi ya kwenda Rusizi karibu maisha yake yote, kwenye zile kona zinazofanya abiria wakumbuke kusali. Sasa alikuwa amestaafu, na kazi yake ilikuwa kusimama dirishani kwenye nyumba yao ya ghorofa, Busanza, akikosoa namna majirani wanavyoegesha magari. Watoto, Régis na wadogo zake, walikuwa wamekwenda na maisha yao. Évode na Daphrose hawakuwa na ugomvi wowote, ila maneno yalikuwa yamewaishia. Walikula, wakaangalia taarifa ya habari, wakaulizana kama gesi bado ipo, wakalala.

"Évode," Daphrose alisema usiku ule, "nataka unipeleke kwa ndege."

"Unasafiri? Unaenda kwa Régis bila kuniambia?"

"Ndege mwenye manyoya, wee!"

Alipomweleza, Évode akauliza swali ambalo Daphrose hakulitarajia. "Barabara yenyewe ina mteremko?"

"Inao."

"Basi tutazima injini juu, tuteleze. Hatasikia kitu. Mimi nimebeba vichanga, mayai na askofu barabara ya Rusizi, na hakuna aliyeamka."

Asubuhi iliyofuata Corolla yao kuukuu iliteremka Masaka bila kutoa sauti, kama jani juu ya maji. Évode alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, uso umemkaza kama mtu aliyebeba sinia la glasi. Akasimama hapo hasa palipotakiwa. Mbwigu alikuwa kwenye nguzo, karibu kiasi kwamba Daphrose aliona upepo ukimpeperusha manyoya ya shingo. Hakuruka. Aliligeuzia gari kichwa mara moja, akaona si kitu, akaendelea kutazama nyasi.

"Sasa," Évode alinong'ona.

Daphrose akabonyeza.

Picha za siku ile hazikuwa nzuri. Tumbo lilitoka jeupe kama karatasi, bila unyoya hata mmoja kuonekana, na jicho bado lilikuwa limezama kwenye weusi. Daphrose alikaa nazo jioni nzima, akijaribu hivi na vile, mpaka akajipiga paji la uso.

"Ni bibi na bwana harusi!"

"Wako wapi?" Évode akauliza.

"Huyu ndege! Gauni jeupe na suti nyeusi katika picha moja. Ukiweka mwanga wa kumfaa bwana harusi, gauni linaungua. Ukimfuata bibi harusi, bwana anakuwa shimo. Miaka yote nimepiga hii picha, Évode. Dawa yake ni jua la asubuhi, lenye wingu jepesi, linalotoka ubavuni."

Wakaanza kwenda alfajiri. Évode alikuwa akibeba chupa ya chai na chapati, na baada ya siku ya kwanza alikatazwa kuzibeba kwenye mfuko wa karatasi kwa sababu ya kelele, akazifunga kwenye kitambaa. Naye akaanza kuona mambo. Aliona kwamba mbwigu hawindi ovyo. Ana nguzo zake anazozizungukia kama basi lenye vituo. Aliona kwamba wapo wawili, na kwamba mmoja ana doa la rangi ya kutu ubavuni.

"Huyo mwenye kutu ndiye mume," alisema.

"Ndiye mke. Peace ameniambia."

"Mbona ndiye anayekemea wenzake?"

"Sasa unaona kwamba ni mke."

Évode akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye suruali. Kule nyumbani walikuwa wakiendelea na ubishi huo wakati wa chakula, televisheni imezimwa. Na asubuhi moja, wingu lilipokuwa jepesi kama chandarua, mbwigu dume aligeuza kichwa upande wa jua, na ndani ya ule weusi likawaka jicho, tone dogo la mwanga. Daphrose alilipata. Alimwonyesha Évode kwenye kioo cha kamera, na Évode akavua kofia.

Hawakujua kwamba nao walikuwa wakiangaliwa.

Siku chache baadaye, Daphrose akiwa ameelekeza lenzi kwenye ule ua wa michongoma, mkono mzito ulipiga boneti. Mbwigu wote wawili wakaruka. Mbele ya gari alisimama mzee mrefu aliyevaa buti za mvua, na nyuma yake mama mmoja wa makamo, mtulivu, mikono amefumbata.

"Nyinyi munatafuta nini?" mzee akafoka. "Kila asubuhi gari inakuja bila sauti, munaelekeza mzinga kwa nyumba yangu! Mudugudu, ndio hawa niliokuambia."

Yule mama alikuwa Sangwa, kiongozi wa mtaa, ambaye watu humwita Mudugudu kwa cheo chake. Akasogea dirishani, akasalimu kwa Kinyarwanda. "Mwaramutse. Samahani, mzee wangu, mama yangu. Huyu Mzee Frederick ana wasiwasi. Mnaweza kutueleza shughuli yenu?"

"Tunapiga picha ndege," Évode akasema.

"Ndege!" Frederick akamgeukia Sangwa. "Umesikia? Watu wazima! Wapelelezi wa viwanja hawa."

Daphrose hakubishana. Alishuka, akamsalimu Frederick kwa mikono miwili kama inavyopasa, kisha akamgeuzia kioo cha kamera. "Mzee, tafadhali tazama mwenyewe. Hawa ndio tuliowafuata."

Frederick alitazama bila hamu. Kisha akatoa miwani mfukoni. Picha ilikuwa ya mbwigu jike akiwa na mjusi mdogo mdomoni. Iliyofuata, anamsukumia mjusi kwenye mwiba. Iliyofuata, anamvuta kwa mdomo aone kama amekaza.

"Hii ni michongoma yangu," Frederick akasema.

"Ni yako, Mzee."

"Na huyu mjusi... amemweka yeye? Ndege?"

"Yeye mwenyewe. Ndicho chakula chake cha kesho."

Frederick akaegemea gari. Ile sauti ya kufoka ikawa imemtoka yote. Sangwa akatazama picha begani kwake, akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kumtikisika.

"Usicheke, Mudugudu," Frederick akamwambia kwa unyonge.

"Sicheki, Mzee."

Ikabidi Daphrose na Évode waelezwe. Frederick alikulia Uganda, alifanya kazi ofisi za serikali, na alipostaafu akajenga hapo Masaka apate kulima mboga kwa amani. Lakini tangu mvua zianze alikuwa akikuta vitu vimechomekwa kwenye miiba ya ua wake: panzi, mijusi, siku moja panya mdogo. Upande wa pili wa ua aliishi Munyakazi, mfugaji wa mbuzi aliyetoka Burundi, ambaye waliwahi kukwaruzana naye kwa sababu ya kelele za redio yake. Frederick akaamua kwamba jirani anamtilia vitu vya uchawi ili ahame. Akaacha kumsalimia. Akaita watu wa maombi. Akamwita Sangwa mara kwa mara. Munyakazi aliapa kwamba hahusiki, na hakuna aliyemsadiki. Mwisho Frederick aliwaambia mafundi waje kung'oa michongoma yote na kujenga ukuta mrefu, asione hata paa la nyumba ile.

"Watu wa maombi waliukemea huo ua asubuhi nzima," akamaliza. "Walipiga makofi, waliimba."

"Na mbwigu?" Évode akauliza.

Frederick akafikiri. Kisha midomo ikaanza kumcheza. "Alikuwa amekaa kwenye waya. Alikuwa anatutazama."

Hapo Sangwa hakuweza kujizuia tena. Alicheka akiwa ameshikilia kioo cha pembeni cha gari, na Frederick naye akacheka, akijifuta macho kwa mkono wa shati. Lakini alipomaliza akaangalia lango la jirani yake.

"Madamu," akamwambia Daphrose, "tafadhali twende wote na hiyo kamera. Mimi peke yangu hatanifungulia."

Redio ilisikika kabla ya lango kufunguliwa. Munyakazi, mtu mfupi mwenye ndevu za mvi, alipomwona Frederick akabaki ameshika komeo, hakufungua zaidi. Daphrose akamsalimu kwa Kirundi, "Bwakeye," na ule uso ukalegea kidogo, maana alijua lafudhi ya nyumbani.

Frederick hakuzunguka. "Munyakazi, nilikusema vibaya, na nilikusema mbele za watu. Haikuwa wewe. Nimekuja kuomba msamaha, na Mudugudu ni shahidi."

Daphrose akamwonyesha Munyakazi picha. Alizitazama kwa makini, moja baada ya nyingine, akarudia ile ya mjusi. Halafu akatikisa kichwa pole pole.

"Kumbe ni huyu," akasema. "Na mimi nilidhani ni wewe."

"Mimi?" Frederick akashtuka.

"Upande wangu pia viko! Panzi, mijusi. Nilisema, huyu mkubwa anataka nihame ili anunue kiwanja. Mke wangu alitaka turudi Gitega." Akafungua lango lote. "Ingieni. Chai ipo."

Mafundi wa ukuta waliambiwa wasubiri. Sababu ya kwanza ilikuwa msamaha. Ya pili ilionwa na Évode siku zilezile, alipomkuta mbwigu jike akiingia kwenye michongoma na vijiti mdomoni. Ndani kabisa ya miiba kulikuwa na kiota, kama kikombe kilichoshonwa kwa nyasi. Basi ukuta ukaahirishwa mpaka watoto waruke. Frederick na Munyakazi wakawa walinzi wa ua, wakiwafukuza paka pamoja, wakibishana kama kiota kiko upande wa nani. Redio ilipunguzwa sauti bila mtu kuombwa.

Kwa kuwa ndege walilizoea gari na si watu, mtu akitaka kuona ilimbidi aingie kwenye Corolla. Asubuhi ya Jumapili moja, makinda walipokuwa wameshatoka kiotani, walijikuta wamejaa humo: Évode kwenye usukani, Frederick kando yake, magoti yamegusa kidevu, Munyakazi nyuma na bakuli la karanga, na Daphrose dirishani na lenzi yake. Kinda mmoja, bado wa rangi ya hudhurungi yenye michirizi, alikuwa ametua kwenye michongoma, mdomoni ana panzi aliyepewa na mama yake. Alikuwa akijifunza kumchomeka.

Akamgusisha panzi kwenye mwiba. Panzi akaanguka. Kinda akamfuata chini, akapanda naye, akajaribu mwiba mwingine. Panzi akaanguka tena. Safari nyingine alikosa mwiba kabisa, akamchomeka hewani, akashangaa.

"Chini kidogo, mwanangu," Munyakazi akanong'ona, kama anafuatilia mpira wa miguu. "Chini, kisha vuta."

"Hakuna anayemfundisha?" Frederick akauliza.

"Baba yake yuko pale kwenye nguzo," Évode akasema. "Anamwacha ahangaike. Dereva hafundishwi kwa kushikiwa usukani."

Kinda akapumzika. Akachuma jani, akalisukumia kwenye mwiba, likakaa. Akalitazama. Akalitoa, akalirudisha. Kisha akashuka kumtafuta panzi wake kwenye nyasi, akapanda naye, akaupata mwiba uleule, akasukuma, akavuta. Panzi akabaki.

Gari zima lilipiga kelele. Évode alipiga usukani kwa viganja vyote viwili, Frederick akagonga kichwa kwenye paa, karanga zikamwagika hadi chini ya viti, na Corolla ikayumba kama mtumbwi. Daphrose alikuwa amebonyeza wakati huohuo.

Alipoifungua picha ile studio, ilikuwa imetikisika. Michongoma ilikuwa ukungu wa kijani, mkia wa kinda ulikuwa mistari miwili. Lakini panzi alionekana, mwiba ulionekana, na kwenye kichwa kile cha hudhurungi jicho lilikuwa limetokea wazi, limejaa mshangao. Daphrose alikuwa na picha nyingine kali kuliko hiyo, za kila unyoya. Hii ndiyo aliyoichapisha kwa ukubwa, akatengeneza nakala mbili zaidi, moja ya Frederick na moja ya Munyakazi, na kila mmoja akaitundika sebuleni.

Ukuta haukujengwa. Frederick alisema mafundi wamepandisha bei, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Makinda walikua, mavazi yao yakageuka meusi kwa meupe, kisha wazazi wakawafukuza waende wakatafute nguzo zao wenyewe. Évode alihuzunika siku ile, akasema ni mapema mno. Lakini Peace alipita studio wiki hiyo akawaambia kwamba nje ya mji, upande wa mashariki, kuna mbwigu wa aina nyingine, mwenye mgongo wa kijivu na tabia ya aibu, asiyekubali kupigwa picha kirahisi.

"Barabara yake ina mteremko?" Évode akauliza.

Alfajiri iliyofuata, Daphrose alipokuwa bado anatafuta kiatu cha pili, alisikia mlango wa gari ukifungwa huko chini kwa upole, jinsi mtu anavyofunga mlango wa chumba alimolala mtoto.